Yaya, Haikuwa Karuho

Yaya Asende, dada yangu uliyenitangulia katika tumbo la mama,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea kiti chenye mgongo mrefu, kwa sababu dokta amenikataza kuinama. Ungeniona ungecheka. Mimi ambaye mama alikuwa akiniita fimbo kwa jinsi nilivyonyooka, sasa nikiamka najigeuza ubavu kwanza, nashusha miguu, ndipo naupandisha mwili kwa mikono kama mtu anayeinua mzigo wa mwenzake. Binti yako Neema ananifunga kitenge. Akimaliza anarudi nyuma kidogo, ananitazama, na mimi najua anamwona nani.

Wewe ndiye uliyekuwa mrefu kwetu. Hata kaka Wilondja, pamoja na kifua chake chote, alikuwa anakufikia sikioni. Tulipokuwa wasichana, tukishuka na mihogo kutoka Fizi kuja kuiuza Baraka, nilitembea ndani ya kivuli chako na jua halikunipata mpaka tulipofika chini. Kabla ya kuondoka ulikuwa unavipima vikapu vyote viwili kwa mkono, kisha unachukua kile kizito. Nikibisha unasema, "We beba hii. Mi shingo yangu ilishazoea." Mto ukijaa, ulivuka na kikapu chako, ukarudi kuchukua changu, ukarudi tena kunishika mkono. Nilidhani mwili wako umetengenezwa kwa kitu kingine kisichochoka.

Ulipoolewa Baraka uliacha mihogo, ukaanza biashara ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Hapo ndipo ulipompata Mama Nyota, mwanamke wa Kazimia mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye ndugu zake walikuwa wakimletea samaki kwa mtumbwi wa mashine. Mlianika kwenye turubai moja, mkauza kwenye meza moja, na mchana mkala kwenye sahani moja, bukari ya unga wa mihogo na ndagala wa kukaanga, mkigombana nani amemaliza vichwa. Kila nilipokuja kutoka Lulimba, nilikoolewa mimi, nilikuwa nawakuta hivyo. Niliona wivu kidogo, maana mdogo wako ni mimi.

Sijui ulianza lini kupungua. Ulilalamika mgongo, tukasema ni mizigo. Vitenge vyako vikaanza kufagia chini. Ukampelekea fundi akunje pindo, na baada ya msimu ukampelekea tena. "Mi niko narudi ku udongo pole pole," uliniambia, ukacheka, nami nikacheka. Bega lako likawa sawa na langu. Kisha mgongo ukajikunja huku juu karibu na shingo, ukawa unaiona miguu ya watu kabla ya nyuso zao.

Ulianguka asubuhi, mlangoni kwako mwenyewe, ufagio mkononi. Ulianguka kama mtoto anavyoanguka, na mtoto angenyanyuka akaendelea kucheza. Wewe nyonga ilivunjika. Habari ilinifikia Lulimba, nikapanda pikipiki, nikafika nikiwa nimejaa matope mpaka kwenye nyusi. Nilikukuta kitandani, na nilikuta jambo limeshaamuliwa.

Kaka Wilondja alikuwa amekusanya wazee wa ukoo. Walikuwa na swali moja tu: mwanamke mwenye nguvu kama Asende anawezaje kukunjika, kupungua, halafu avunjike kwa kuanguka kudogo namna hiyo? Wakajijibu wenyewe kwamba ni karuho, ile sumu ambayo watu wa kwetu husema hutiwa katika chakula ikamla mtu taratibu, kimya kimya. Na nani aliyekuwa anakula nawe kila siku? Hawakutafuta mbali. Walimwita Mama Nyota wakamwambia asikanyage tena uani kwako. Alipofika sokoni, maneno yalikuwa yameshatangulia. Wanunuzi waliipita meza yake kana kwamba hakuna mtu nyuma yake. Mwishowe akakunja turubai, akapanda mtumbwi, akarudi kwao Kazimia.

Wewe ulikataa. Nilikuwa nimeketi pembeni ya kitanda ulipomwambia kaka kwa sauti ndogo uliyobaki nayo, "Nyota hakunipa kitu. Tulikula mu sahani moja. Kama ni sumu, yeye alikuwa anakula nini?"

Kaka hakukasirika. Alikupapasa mkono. Alipotoka nje akatueleza kwamba karuho ndivyo ilivyo, humfanya mtu ampende aliyemlisha.

Wakamleta mganga kutoka milimani na mizizi yake ya kutapisha. Ulikunywa, ukatapika mpaka yakatoka maji matupu, na kila ulipotapika ile nyonga ilitikisika, ukauma pindo la shuka ili Neema asisikie. Mganga akakukataza samaki wote, kwa kuwa alisema sumu iliingia kwa njia ya samaki. Akakukataza na maziwa. Ukabaki na bukari na sombe ya majani ya mihogo isiyo na kitu ndani yake. Kulikuwa na saa za mchana ambapo harufu ya ndagala ilitoka kwa majirani, nawe ukageuza uso ukutani. Siku moja ulimwomba Neema, "Nipe hata kichwa tu." Neema alitoka akaja kunieleza, tukaenda pamoja kwa kaka tukamsihi. Akasema hapana, mnataka afe?

Mvua zilipoanza, kikohozi kikakushika kifuani, na mwili haukuwa na kitu cha kupigana nacho. Tulikuzika kwenye kilima nyuma ya kanisa. Seremala alituambia amepima mara mbili akidhani amekosea, kwa kuwa alikukumbuka ukiwa mrefu. Mama Nyota hakuwepo. Nani angemruhusu?

Mume wangu alipofariki niliihama Lulimba, nikaja kuishi na Neema katika nyumba yako. Nililala katika chumba chako, nikapika katika vyungu vyako. Miaka ikapita hivyo. Halafu mwaka huu, asubuhi ya kawaida kabisa, niliinamia beseni la mihogo iliyolowekwa. Sikuteleza wala sikuanguka. Nilinyanyua tu, na katikati ya mgongo kikalia kitu kama kijiti kikavu chini ya mguu. Pumzi iliniishia. Neema alinikuta nimepiga magoti, nimekumbatia beseni, siwezi kuliachia wala kuliinua.

Nililala nikidhani ni figo. Kaka Wilondja alikuja na bakora yake, mzee sana sasa, akaketi mlangoni. Hakuniuliza panaponiuma. Aliuliza, "Ulikula kwa nani?"

Yaya, niliogopa swali hilo kuliko maumivu. Nilikuwa nimekula kwa jirani yetu, mjane mpole, katika harusi ya binti yake, na nusu ya mtaa iliniona nikiomba niongezewe. Nikamjibu kaka kwamba nimekula nyumbani mwangu tu. Alinitazama kwa huruma, ile ile aliyokutazama nayo wewe, akasema atarudi na mizizi.

Ni Neema aliyekataa kungoja mizizi. Alinifunga kitenge kiunoni, akanipeleka hospitali, tukisimama kila baada ya nyumba chache ili nipumue. Tulipokewa na dokta mwanamke, wa umri wa kuwa binti yangu. Alinipiga picha ya radio inayoonyesha mifupa, akaiinua mbele ya dirisha, akanionyesha uti wa mgongo wangu. Mfupa mmoja ulikuwa umebonyea kama kopo lililokanyagwa. Chini yake kulikuwa na mwingine, uliobonyea zamani bila mimi kujua. Nilikumbuka maumivu fulani ya huko Lulimba, niliyoyaita uchovu wa shamba.

Aliniuliza mambo ambayo sikuyategemea: damu yangu ya mwezi ilikauka lini, njaa tuliyoipata wakati wa kukimbia vita ilidumu kiasi gani, kama natumia dawa yoyote ya muda mrefu, kama nimeona kimo changu kikipungua. Kisha akauliza swali ambalo nalisikia hadi leo.

"Mama, kuko mutu mwengine mu famille mwenye alishavunjika hivi?"

Nikamweleza habari zako. Nilimweleza jinsi ulivyofupika, jinsi mgongo ulivyojikunja, na lile anguko la mlangoni. Nilimweleza na karuho pia, kwa kuwa sikuwa na jina jingine la kukupa. Aliweka kalamu chini.

"Dada yako alikuwa na hii hii," akasema. "Hakuna mutu alimufanya kitu. Ni mifupa."

Akalitaja kwa Kifaransa, jina refu, osteoporozi. Alinieleza kwamba mfupa ni kitu kilicho hai, kila siku mwili unabomoa kidogo na kujenga kidogo. Kwa wanawake, damu ya mwezi ikishakauka, kubomoa kunakwenda mbio na kujenga kunachelewa. Kwa nje mfupa unabaki vile vile, ila ndani unakuwa kama boriti iliyoliwa na mchwa. Hauumi, wala hautoi habari. Siku utakapoinua beseni, au utakapokanyaga vibaya na ufagio mkononi, ndipo unajua. Alisema pia kwamba ugonjwa huu unatembea katika familia, na Neema naye ajitunze tangu sasa.

Nikamwuliza dawa. Akaniambia ukweli bila kuuzungushia: mfupa uliobonyea hautarudi kimo chake, ila kuna dawa ya kuzuia mwingine usivunjike. Kuna sindano ya kupitisha kwenye mshipa, mara moja kwa mwaka, lakini inapatikana katika hospitali kubwa za mbali. Kuna na vidonge, kimoja kwa juma, ambavyo havikuwepo Baraka ila vingeweza kuagizwa ng'ambo ya ziwa. Kwanza wangepima damu waone kama figo zangu zinaweza kuvistahimili. Kidonge kinamezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa maji mengi, na baadaye mtu hatakiwi kulala wala kula mpaka nusu saa ipite, la sivyo kinaunguza koo. Neema alitaka sindano. Lakini unazijua njia zetu, Yaya, na siku hizi zimekuwa mbaya zaidi. Kuna vizuizi na bunduki, na mgongo wangu usingestahimili mashimo yale hata kungekuwa na amani. Nikachagua vidonge. Dokta akasema nimechagua vizuri, wengine hawana hata hilo la kuchagua. Akanikataza kubeba kitu kichwani. Akanikataza pikipiki. Akaniambia nitembee kila siku, nikae juani.

Nikauliza nile nini. Akasema maharagwe, mboga, maziwa nikipata. Halafu akatabasamu, msichana yule, akidhani ananipa habari njema: "Na ndagala, mama. Mukule nzima nzima na mifupa yake. Ndagala yenu ni dawa."

Neema alisimama akatoka nje. Nilimsikia kwenye veranda, amebanwa na kilio ambacho hakikutaka kutoka vizuri.

Nikamwuliza dokta lile ambalo ungeniuliza wewe, iwapo ungeweza kupona. Akanijibu, "Sijue, mama. Nyonga ikishavunjika ni kazi nguvu, hata ku hospitali kubwa. Lakini hangelala na njaa."

Vidonge vilipofika kutoka ng'ambo, niliviweka kwenye dirisha na sikuvigusa. Neema alidhani naogopa koo kuungua. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nikikitazama kile kidonge, kidogo kama punje ya mahindi, nikafikiri kwamba kilikuwepo duniani wakati wewe unatapika. Mtu fulani mahali fulani alikuwa anakimeza asubuhi kwa maji, halafu anaenda kazini. Nilishindwa kukiweka mdomoni. Dokta aliponiuliza nilimwambia, naye hakunikemea. Alisema tu kwamba mifupa haitangoja nimalize kulia. Nikameza nikilia, na sasa nameza kila Jumapili kabla ya ibada.

Kaka alirudi na mizizi yake, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Nilimkaribisha kiti, nikamwonyesha ile picha, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto, "Radio haionake karuho." Akauliza tena nilikula kwa nani. Mmoja wa wazee akataja harusi ya jirani.

Nilitaka kusema, ila Neema alinitangulia. Unajua mtoto wako hasemi mbele ya watu. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono imeshika kitenge chake.

"Mama yangu alilia ndagala mpaka mwisho," akasema. "Ni sisi tulimunyima. Hakuna mutu mwengine."

Hakupaza sauti. Wazee walitazama chini. Kaka akakusanya mizizi yake moja moja na kuondoka. Jirani yetu hakuitwa popote. Mpaka leo anatuletea sombe na hajui lolote, na Mungu asimjulishe.

Ndipo nikaona siwezi kukaa na jambo hili peke yangu wakati kuna mwenzio Kazimia. Pikipiki nimekatazwa, basi tukapanda mtumbwi wa mashine, mimi nimeketi juu ya magunia yaliyokunjwa na Neema nyuma yangu amenipa mgongo wake niegemee. Ziwa lilikuwa tulivu. Hata hivyo kila wimbi dogo lilipiga palepale panaponiuma, na nilikuwa nahesabu vichwa vya milima ili nisigune.

Mama Nyota alikuwa uani anapepeta mchele. Amezeeka, Yaya, ila amebaki amenyooka. Alipotuona aliacha ungo, akasimama, hakuja mbele wala hakurudi nyuma. Nadhani alidhani tumekuja kumsingizia jingine. Nikamwambia pale pale nikiwa bado nimesimama, bila salamu ndefu, kwamba haikuwa karuho, kwamba ni ugonjwa wa mifupa, na mimi ninao, na dokta amethibitisha.

Aliketi chini. Aliomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena.

"Miye nilishaanza kuamini," akasema. "Nilijiuliza, pengine mukono yangu iko na kitu, mi mwenyewe sijue."

Kumbe maneno yalisafiri ziwani pamoja naye. Kwa miaka yote hii wake za wanawe hawamwachii kupika. Anapepeta mchele na kuchambua maharagwe, anachota maji, lakini sufuria ikishawekwa motoni anaambiwa apumzike. Wajukuu wake hawajui chakula cha mkono wake. Na yeye hakubishana nao, kwa sababu alikuwa anajiogopa. Nikamwambia ulivyosema kitandani, lile neno la sahani moja. Nilimwambia mbele ya nani ulilisema. Hapo ndipo alipofunika uso kwa kitenge.

Tukakaa hivyo, wanawake wazee wawili na Neema. Halafu Neema akamgusa goti. "Mama Nyota, tuko na njaa."

Alimtazama mtoto wako kana kwamba hakusikia. Kisha akainuka. Moto ulimsumbua kuwasha, na chumvi aliitia mara mbili akasahau. Alitukaangia ndagala, akasonga bukari, akaweka sahani moja katikati. Alingoja sisi tutangulie. Nikachukua, nikala, nikatafuna vichwa na mifupa yote. Mkwe wake alisimama mlangoni akitutazama tangu mwanzo mpaka tulipomaliza. Sijui aliamua nini.

Nilimwomba arudi Baraka, meza yake ipo. Akakataa. Alisema Baraka imeshazoea bila yeye, na yeye hana tena miguu ya kuanza upya. Alitaka jambo moja tu: kuonyeshwa ulipolala.

Alikuja juma lililopita. Tulipanda kile kilima pole pole pamoja na Neema, mimi na fimbo yangu, Mama Nyota akinishika mkono. Tulipita mbele ya nyumba ya kaka Wilondja. Alikuwa ameketi nje. Alituona, akaona ni nani niliyeongozana naye, akanyanyuka akaingia ndani na kufunga mlango. Sikumchukia, Yaya. Nadhani anajua. Nadhani kujua kwenyewe ndiko kunakomfunga mlango, maana alikupenda, na alikufanyia yote yale kwa kukupenda.

Hilo ndilo linalonivunja kuliko mgongo. Hakuna adui katika habari hii. Laiti angekuwepo, ningekuwa na wa kumlilia. Tulikuwepo sisi tu, tukikushikilia mabega utapike, tukikuombea, tukikunyima.

Kaburini Mama Nyota hakulia kama nilivyotegemea. Aliketi kwenye majani, akanyoosha miguu kama alivyokuwa akiketi nyuma ya meza, akaanza kukupa habari. Alikusimulia mitumbwi iliyoharibika, wajukuu aliowapata, samaki walivyokuwa wachache msimu uliopita, nani amekufa Kazimia na nani ameoa tena. Akatukana mtu mmoja mnayemjua nyinyi wawili, akacheka peke yake, akanyamaza kidogo kama anayepisha jibu, akaendelea. Nilisimama nikisikiliza mpaka nikaona kwamba sikuwa naongeleshwa mimi. Nikamshika Neema mkono, tukashuka, tukawaacha.

Pumzika, Yaya wangu.

Ni mimi, mdogo wako.